Kuku wako asigombee dagaa na mtoto



Kila mfuga kuku wa Ikoma anajua kwamba chakula ndo kinakula faida. Kwenye kuku wa biashara kinachukua asilimia 60 hadi 70 ya gharama, na kinachouma zaidi ni protini. Huku kwetu protini ni dagaa wa Musoma. Dagaa huvuliwa kwa taa gizani, hivyo mbalamwezi ikiwaka wanapungua na bei inapanda. Halafu dagaa hao hao ndio mboga ya watoto wetu. Mimi naona si vizuri kuwategemea wao tu.

Mbadala upo: funza wa nzi chuma, wengi mnamjua kwa herufi BSF. Msimchanganye na nzi wa chooni. Huyu akishakuwa mkubwa hahangaiki na chakula chako, kazi yake ni kupandana na kutaga. Mayai huanguliwa baada ya siku 4 hivi, na funza wakishiba mabaki, wiki 2 baadaye unavuna. Wakikaushwa, protini yao ni kama asilimia 40. Kule Nairobi kituo cha icipe kinawatafiti, na Arusha kampuni ya Chanzi inawafuga kwa mabaki ya chakula. Sisi tuna hoteli za watalii na soko la Mugumu. Mabaki hayakosekani.

Ila wapo wanaowauzia vijana mayai ya nzi kwa bei ya ajabu wakiahidi utajiri. Msikubali. Faida ya kwanza ya funza ni kupunguza gharama ya kuku ulionao tayari. Anza na beseni mbili tatu kivulini, miguu ya meza ikae kwenye makopo ya maji kuzuia sisimizi. Changanya funza na pumba na mashudu, wasiwe chakula chote. Mabaki yenye nyama ya nguruwe usiyalete kwenye banda la nguruwe, yanaweza kubeba virusi vya homa ya nguruwe. Taka zenye betri au kemikali usiwape kabisa.

Na msiniambie funza ni uchafu. Wafugaji wa zamani walifunika chungu chenye samadi na mabua, wakanasa mchwa wa vifaranga.

Kabla hujanunua gunia lingine, piga hesabu ya dagaa wa mwezi huu. Hiyo namba ndo itakuamulia.