Ugumu wa Upasuaji Ujulikane Kabla ya Safari

Barua ya rufaa inayosema tu kwamba mgonjwa wa Bunda au Butiama ana mawe kwenye mfuko wa nyongo haitoshi, awe anakwenda Musoma au Bugando, Mwanza. Kuondoa mfuko huo kwa matundu madogo, upasuaji uliofanywa mara ya kwanza na Erich Mühe nchini Ujerumani mwaka 1985, huwa mwepesi kwa mmoja na mgumu kwa mwingine. Dalili za ugumu huonekana mapema: jinsia ya kiume, umri mkubwa, unene, maumivu na homa vilivyojirudia, kovu la upasuaji juu ya kitovu, ukuta wa mfuko unaozidi milimita 4, jiwe lililokwama shingoni mwake. Wenye selimundu, ambao hupata mawe wangali vijana, huhitaji uangalizi wa ziada.

Haya yote hujulikana kwa mahojiano, kwa kumpima mgonjwa na kwa ultrasaundi. Basi yaandikwe wilayani. Hapo atapangiwa mpasuaji mzoefu, damu itaandaliwa, naye ataelezwa mapema kwamba huenda tumbo likafunguliwa. Kufungua tumbo si kushindwa. Kushindwa ni kung'ang'ania matundu hadi mrija wa nyongo ukakatwa.