Waafrika Walipoifungua Nakala ya Nisea

Mbane Mkatoliki aliyesoma kidogo kuhusu mamlaka ya Papa, jibu analo mdomoni: kawasome Mababa wa Kanisa, wote walimtii Askofu wa Roma. Haya, tuwasome, tena tuanze na Waafrika wa Karthago, mji ambao leo uko Tunisia.

Padri mmoja wa Sicca, Apiarius, alitengwa na askofu wake kwa makosa yake. Akakimbilia Roma. Mwaka 418 Papa Zosimo akampokea, kisha akatuma wajumbe Karthago na kanuni alizoamini ni za Nisea, mtaguso mkuu wa kwanza wa Kanisa, ikiwamo ile inayoruhusu maaskofu kukata rufaa Roma. Waafrika wakafungua nakala zao, hawakuziona. Mwaka 419, Augustino mwenyewe akiwa kikaoni, wakaandika Konstantinopoli na Aleksandria kuomba nakala za kuaminika. Zilipofika, kanuni zile hazimo! Kumbe zilitoka Sardika, mkutano mwingine kabisa, wa mwaka 343. Miaka michache baadaye padri yuleyule akaharibu tena, Roma ikampokea tena, na safari hii akabanwa kikaoni hadi akaungama mwenyewe. Ndipo maaskofu wakamwandikia Papa Selestino, kwa adabu lakini bila kumung'unya maneno: usiwapokee tena tuliowatenga, wala usitutumie wajumbe.

Sasa niambie. Kama mamlaka ya Papa juu ya kila jimbo yalikuwa imani ya wazi tangu enzi za Petro, wajumbe wa Roma walikuwa na haja gani ya kubeba kanuni za mtaguso? Na Waafrika walithubutuje kuzihakiki badala ya kutii tu?

Wala hawakuwa wa kwanza. Mwaka 256, hapo hapo Karthago, Sipriani, askofu wa mji huo, aliongoza maaskofu 87 kupinga msimamo wa Papa Stefano juu ya ubatizo wa wazushi. Hoja ya Stefano ilishinda baadaye, sawa. Lakini amri yake haikutosha kuwanyamazisha, na Sipriani ni mtakatifu wa Kanisa Katoliki hadi leo.

Wahubiri wa mikutano ya hadhara nao wasishangilie. Wanaodai upapa ulibuniwa na Kaisari Konstantino hawajamsoma Askofu Ireneo, ambaye karibu mwaka 180 tayari anaipa Roma heshima ya pekee. Heshima ilikuwepo. Mamlaka yaliyotangazwa na Mtaguso wa Vatikano mwaka 1870 ni jambo jingine, na anayeyaita imani ya Mababa wote amfute kwanza Augustino kwenye orodha yao.