Alfajiri ya Shela

Mama mmoja wa Kisumu Ndogo, Kibera, alinijia baada ya darasa: "Sheikh, mwanangu yuko Lamu. Huwaongoza wageni alfajiri hadi ufuoni, wakakaa kimya wakitazama jua likichomoza. Si ibada ya watu wengine hiyo? Na swala yake je?"

Nilichelea kujibu nisilolijua. Nilipozuru Lamu nikafuatana na kijana. Tuliswali jamaa Shela, mji wenye msikiti wa Ijumaa uliojengwa 1829, ndipo tukawakuta wageni nje. Tukapanda vilima vya mchanga, viatu mkononi, magoti yangu yakilalamika, tukateremkia baharini. Akawaketisha. Mwenyewe akajitenga kidogo, midomo ikicheza: yuavuta uradi.

Kukaa katika dhikri baada ya Alfajiri hadi jua litoke ni sunna, na Aali Imran, aya 190 na 191, zawasifu wanaomkumbuka Mola na kutafakari uumbaji wake. Wageni hulipia kikao tulichopewa bure, nasi tumekiuza kwa usingizi. Nami simo nje ya hao.

Nilimkanya jambo moja: mgeni akitaka kuondoka kabla ya swala, asikubali, hata akikosa ujira.

"Nimeshakosa mara mbili, ustadhi," akajibu.

Nilirejea Kisumu Ndogo, ambako jua huonekana likishapita mabati. Mama alisikiliza yote, kisha akauliza kama mchanga ule huwa baridi asubuhi.