Tone la Damu la Wiki ya Sita

Posa inapofika Jilore, katika Kaunti ya Kilifi kwenye pwani ya Kenya, wazee wa pande mbili huulizana mengi kabla mahari haijatajwa. Huulizana mbari, wasije wakaoza ndugu kwa ndugu. Huulizana sifa ya nyumba anakotoka binti na mwenendo wa kijana anayemtaka. Kisha mnazi hunywewa, mafungu ya mahari hupangwa, na watu wa nyumba mbili wakawa wakwe. Swali ambalo karibu kila mara hukosekana katika kikao hicho ni la damu: je, bwana arusi na bibi arusi wote wamebeba jeni ya selimundu, ugonjwa ambao wengi huuita sikoseli?

Pwani hii swali hilo lina uzito. Kilifi, mtu mmoja hivi kati ya kila saba ana jeni moja ya selimundu aliyorithi kwa mzazi mmoja. Mwenyewe haumwi, na anaweza kuzeeka asijue. Lakini wawili wa aina hiyo wakioana, kila mimba huja na uwezekano wa robo kwamba mtoto atarithi jeni mbili, ya baba na ya mama, akazaliwa mgonjwa. Robo hiyo haigawanywi kwa zamu. Nyumba moja inaweza kupata watoto watano wazima na nyumba ya jirani ikapata wagonjwa watatu mfululizo, ilhali wazazi wa nyumba zote mbili wana damu ya namna moja.

Familia inayofikwa na jambo hili haioni kitu mwanzoni. Mtoto huonekana mzima anapozaliwa, kwa sababu miezi ya kwanza bado ana himoglobini aliyotoka nayo tumboni, ambayo haipindi chembe za damu. Ikishapungua, miezi sita ya kwanza inapoelekea kwisha, vidole vya mikono na miguu huvimba, mtoto hulia akiguswa, na macho huingia umanjano. Chembe nyekundu za mtu asiye na ugonjwa huishi siku 120 hivi. Zake huishi siku 10 hadi 20, kwa hiyo damu humpungukia daima. Wengu, kiungo kinachochuja vijidudu, huharibika mapema. Halafu usiku mmoja homa hupanda, na kabla ya kupatikana pikipiki ya kumfikisha hospitalini Malindi, mtoto amekufa. Mara nyingi hakuna aliyewahi kutamka jina la ugonjwa uliomuua.

Jina lingine hutafutwa. Miongoni mwa Wagiriama na ndugu zao Wamijikenda, wapo wanaoeleza degedege kwa nyuni, na mtoto anayedhoofika siku hadi siku huweza kusemwa ana chirwa, madhara ya mzazi aliyetoka nje ya ndoa na kuvunja mwiko. Hapo msiba wa mtoto hugeuka kuwa kesi ya ndoa. Machozi hayajakauka, na tayari mama anaulizwa alikuwa wapi, na nani, lini.

Haya si ya kudhania. Mwaka 2011 watafiti Vicki Marsh, Dorcas Kamuya na Sassy Molyneux walichapisha kazi waliyoifanya na familia za Kilifi zenye watoto wa selimundu. Walikuta lawama imeelemea upande mmoja. Mama ndiye aliyeonekana mwenye damu mbaya, mama ndiye aliyebeba mtoto hospitalini na kulala naye wodini, na mwanamume alipoamini kwamba mke huyo hana uzazi mzuri, ndoa iliingia mashakani. Ukweli wa ugonjwa huu, kwamba hauwezi kutokea bila jeni ya baba, ulikuwa haujafika pale ulipohitajika zaidi, yaani kwenye kikao cha ukoo.

Na ni ukweli ambao Pwani ingestahili kuusikia wa kwanza, kwa maana umetokana na historia yake yenyewe. Homa ya malaria imeua watu ukanda huu karne na karne. Mwaka 1844 mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa na mkewe Rosine, mjamzito. Julai ya mwaka huo, siku chache baada ya kujifungua, Rosine alikufa kwa homa, na binti yao mchanga akamfuata baada ya siku chache. Kaburi lao liko Nyali hadi leo. Wamisionari wa Church Missionary Society (CMS) walipofungua kituo Jilore mwaka 1890, kando ya Mto Sabaki na karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, walikuwa wameingia nchi ya homa hiyo hiyo.

Wenyeji nao walikufa, na watoto wao zaidi. Ila wenyeji wengine walikuwa na kinga ambayo hakuna aliyeijua. Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya na kusomea udaktari Oxford, alizunguka nchini akichukua damu za watu. Aligundua kuwa jeni ya selimundu imejaa Pwani na kando ya Ziwa Victoria, kwenye mbu wengi, na karibu haipo kabisa nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1954 alichapisha maelezo yake: mwenye jeni moja hukingwa dhidi ya malaria. Nusu karne baadaye, mwaka 2005, Thomas Williams na wenzake wa kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome mjini Kilifi walipima kinga hiyo kwa watoto wa Kilifi wenyewe, wakakuta mwenye jeni moja ana uwezekano mdogo kwa asilimia 90 hivi wa kupata malaria kali.

Kwa hiyo damu inayoitwa mbaya katika kikao cha ukoo ndiyo iliyowavusha mababu wa ukoo huo. Bila jeni hiyo, wengi wa wanaoishi Jilore leo huenda wasingezaliwa. Mama anayenyooshewa kidole amerithi kilichomwokoa bibi yake, na mumewe vilevile.

Kiasi cha msiba kinajulikana. Kati ya mwaka 2006 na 2011, watoto wachanga zaidi ya 15,000 walipimwa katika eneo la utafiti la Kilifi, na wanane hivi kati ya kila 1,000 wakakutwa na selimundu. Walipofuatiliwa, watoto hao walikufa kwa kiwango kinachozidi mara 20 kile cha wenzao wasio na ugonjwa. Lakini kuna jambo la pili katika kazi hiyo ambalo halitajwi vya kutosha: waliosajiliwa na kuhudhuria kliniki ya selimundu walikufa kwa kiwango cha chini sana kuliko wasiohudhuria. Ugonjwa ni ule ule na mazingira ni yale yale. Tofauti yao kubwa ilikuwa kujulikana mapema na kufuatiliwa.

Kinachowaua kinajulikana pia. Utafiti wa Kilifi uliochapishwa mwaka 2009 katika jarida la Lancet ulionyesha kuwa watoto hawa hupata maambukizi ya bakteria katika damu mara 26 kuliko watoto wengine, na anayeongoza ni nimokoka, kijidudu kinachozuilika kwa chanjo ambayo Kenya huitoa bure tangu 2011 na kwa penisilini ya kunywa. Dawa hiyo ya zamani na ya bei nafuu ilithibitishwa Marekani mwaka 1986: kwa watoto wadogo wenye selimundu ilipunguza maambukizi ya nimokoka kwa asilimia 84, hata jaribio likasimamishwa kabla ya muda. Kisha ipo haidroksiurea. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda kwa watoto 606. Waliotumia dawa hiyo walipungukiwa na maumivu, maambukizi, malaria, haja ya kuongezwa damu, na vifo.

Watoto wa Kilifi walitoa damu yao ili dunia ijue haya. Si mara ya kwanza. Kati ya 1993 na 1995 vijiji vya Kilifi vilijaribu vyandarua vilivyotiwa dawa, vifo vya watoto vikapungua kwa thuluthi, na ushahidi huo ukasaidia kuvifikisha vyandarua kwa mamilioni ya watoto Afrika nzima. Ni haki tu kwamba penisilini na haidroksiurea zipatikane katika zahanati za kaunti hiyo hiyo, zisiishie katika hospitali kubwa zilizo barabarani.

Wapo wanaosema dawa ya yote haya ni kupimana kabla ya ndoa, na kwamba makanisa na misikiti isifungishe mpaka vyeti vionekane. Wana mfano. Bahrain na Saudi Arabia zimefanya kipimo hicho kuwa lazima tangu 2004, na Nigeria makanisa mengi hukidai. Saudi Arabia ilifundisha jambo: mwaka wa kwanza, kati ya wachumba walioambiwa kuwa wako hatarini, chini ya mmoja kati ya kumi ndio waliovunja uchumba. Miaka mitano baadaye, baada ya elimu kuenea, zaidi kidogo ya nusu waliuvunja. Sheria peke yake haikutosha.

Kwa Jilore njia hiyo, ikiwa ndiyo ya kwanza, itaumiza. Palipo na desturi ya kumlaumu mwanamke, cheti kitakuwa fimbo ya kumpigia binti. Kijana akikutwa na jeni atatafutiwa mchumba mwingine. Binti akikutwa nayo, habari itafika kwa jirani zao wa Kakoneni kabla ya jua kutua. Tena maelfu ya watu tayari wameoana, wana mimba, wana watoto mgongoni. Cheti cha arusi hakimsaidii mtoto wa miezi mitatu. Vijana wanaotaka kupima wapime, na wazee wanaotaka kuuliza waulize kwa upole, ila serikali isianzie hapo.

Ianzie wiki ya sita. Karibu kila mama humpeleka mtoto chanjo ya wiki ya sita, na kijitabu cha mama na mtoto kiko mkononi. Ni wakati ambao himoglobini ya tumboni bado inamlinda mtoto na wengu bado haujaharibika. Kwa watoto wa kina mama wenye virusi vya Ukimwi, Kenya tayari huchukua tone la damu kisiginoni wiki hiyo hiyo, ikalikausha kwenye karatasi na kulituma maabara. Uganda ilitumia njia hiyo kwa busara kubwa: mwaka 2014 na 2015 ilipima selimundu katika sampuli zaidi ya 97,000 zilizokuwa zimekusanywa kwa ajili ya virusi vya Ukimwi, bila kumchoma mtoto yeyote upya, ikapata ramani ya ugonjwa wilaya kwa wilaya. Siku hizi vipo pia vipimo vidogo vinavyotoa jibu papo hapo, dakika chache tu, bila umeme wala mtambo. Muuguzi wa zahanati anaweza kujifunza kuvitumia kwa muda mfupi.

Kipimo cha mtoto kina faida nyingine isiyosemwa hadharani. Watafiti wa Kilifi waliwahi kuwauliza wanakijiji ushauri kuhusu jambo nyeti: kupima damu ya baba kunaweza kufichua kwamba si baba wa kuzaa. Hofu hiyo ni ya kweli na inaweza kuvunja nyumba. Lakini mtoto akipimwa peke yake, matibabu hayahitaji damu ya mwanamume yeyote. Penisilini huanza, chandarua hukaguliwa, tarehe ya kliniki huandikwa, na siri za watu wazima hubaki zao.

Baba aitwe, hata hivyo, na aitwe kwa jina. Muuguzi anayempa mama peke yake habari ya jeni anamrudisha nyumbani na mzigo ambao hatasadikiwa akiueleza. Wazazi wote wawili wakikaa mbele ya mtu mmoja, wakasikia kwa pamoja kwamba nusu imetoka kwa huyu na nusu kwa yule, neno la chirwa hupoteza nguvu. Wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao huingia kila boma, wanaweza kulifikisha hilo kwa mama mkwe na kwa wazee. Na waganga wasiachwe nje. Wao mara nyingi ndio wa kwanza kumwona mtoto, na mganga anayejua kwamba vidole vilivyovimba na macho ya manjano ni vya kupelekwa zahanati anaokoa maisha.

Tangu 2013 zahanati ziko chini ya kaunti, kwa hiyo hakuna haja ya kumngoja mtu wa Nairobi. Siku ya Selimundu Duniani ni tarehe 19 Juni, na mwaka wa fedha wa kaunti hufungwa tarehe 30 ya mwezi huo huo. Mwakilishi wa Wadi ya Jilore na wenzake katika Bunge la Kaunti ya Kilifi wana mambo matatu ya kutafuta katika makadirio kabla hawajayapitisha: vipimo vya wiki ya sita, penisilini ya watoto isiyokatika hadi umri wa miaka mitano, na haidroksiurea inayopatikana bila familia kuuza mbuzi.