TAHARIRI: Mkataba wa 1822 na Swali la Mwanafunzi

 

Miongoni mwa vijana wanaosoma kwetu jioni, hapa Ngarenaro, yupo mmoja wa kidato cha pili aliyetuuliza swali baada ya darsa. Alisema: "Ustadhi, shuleni tumesoma kwamba Waarabu walikuwa wakiuza watu, na Waingereza wakawazuia kwa Mkataba wa Moresby wa mwaka 1822. Je, ina maana wao walikuwa na huruma kuliko Waislamu?" Kabla hatujafungua kinywa, mwenzake akadakia kuwa hayo yote ni uongo wa makafiri. Tulimnyamazisha huyo wa pili, kwani jibu lake lilikuwa jepesi mno, na kijana akikua nalo litamvunjikia mkononi siku atakapofungua kitabu.

Ndugu msomaji, biashara ya watumwa katika pwani yetu ilikuwepo, na Waislamu walikuwemo ndani yake wakiwa wanunuzi, wasafirishaji na wenye mashamba. Hatuna haja ya kulificha hilo. Sheria tuliyoletewa imekufanya kumwacha huru mtumwa kuwa kafara ya kiapo na ya kuua kwa makosa, ikatenga fungu la zaka kwa ajili hiyo hiyo. Na hadithi iliyomo katika Sahihi ya Bukhari inamtaja auzaye mtu huru miongoni mwa wale ambao Mola mwenyewe atakuwa mgomvi wao Siku ya Kiyama. Sasa wale waliotekwa bara usiku, vijiji vyao vikachomwa moto, walikuwa nani kama si watu huru? Aliyewanunua sokoni Unguja na huku akiswali safu ya mbele hakuwa na hoja ya kisheria. Alikuwa na faida tu.

Tukishakiri hayo, ndipo tunapopata haki ya kuusoma mkataba wenyewe.

Kapteni Fairfax Moresby alitiliana saini na Sayyid Said bin Sultan mwezi Septemba 1822. Kilichokatazwa ni kuwauzia watumwa raia wa mataifa ya Kikristo. Ukachorwa mstari baharini kutoka Rasi ya Delgado, kusini ya pwani yetu, hadi Diu katika pwani ya Gujarat, na jahazi la raia wa Sayyid likikutwa na watumwa mashariki ya mstari huo, manowari za Kiingereza ziliruhusiwa kulikamata. Biashara kati ya Unguja, Lamu na Bara Arabu haikuguswa. Mtu aliyetekwa bara mwaka 1823 akafikishwa Unguja hakupata chochote katika karatasi ile.

Mkataba ulilenga nini, basi? Tuitazame Mauritius. Waingereza waliichukua kutoka kwa Wafaransa mwaka 1810, na walikuwa wamepiga marufuku biashara ya watumwa kwa raia wao tangu 1807. Lakini utumwa wenyewe uliendelea kuwa halali katika mashamba ya miwa ya kisiwa hicho hadi 1835, yaani miaka kumi na mitatu baada ya Moresby kuweka saini yake! Na ulipofutwa katika makoloni yao, Bunge la London lilitenga pauni milioni 20 za fidia, zikaenda kwa mabwana. Waliopigwa mijeledi hawakupata hata senti. Hatusemi kwamba hapakuwa na Waingereza waliochukia utumwa kwa dhati. Walikuwepo, na walihangaika miaka mingi. Tunasema dola ni kitu kingine.

Profesa Abdul Sheriff wa Zanzibar ameeleza jinsi kufungwa kwa soko la visiwa vya Wazungu kulivyochangia watumwa kubakizwa hapa hapa, katika mashamba ya mikarafuu ya Unguja na Pemba. Hili kijana wetu hakulikuta katika daftari lake.

Linabaki swali linalotuuma zaidi. Kwa nini Sayyid alikubali? Mwaka mmoja nyuma, 1821, jeshi la Kiingereza kutoka Bombay lilikuwa limemsaidia kuwavunja Bani Bu Ali, Waislamu wa Oman kama yeye. Aliyekuletea mizinga dhidi ya ndugu yako utamkatalia nini?

Na mahasimu wake hawakuwa na akili tofauti. Mazrui wa Mombasa, walipobanwa na merikebu za Sayyid, walitafuta bendera ya Kiingereza na kuipandisha wenyewe juu ya Ngome, wakamwomba Kapteni Owen ulinzi. Akawapa, Februari 1824, kwa sharti kwamba nusu ya ushuru wa forodha iende kwa Waingereza. Akamwacha Luteni Reitz kuwa msimamizi, kijana aliyefariki kwa homa miezi michache tu baadaye, na jina lake likabaki katika ghuba ya Mombasa hadi leo. Mwaka 1826 wakubwa wa Owen waliona urafiki wa Sayyid una manufaa zaidi kwao, bendera ikashushwa, Mazrui wakaachwa peke yao. Mwaka 1837 Thalatha Taifa walisimama na Sayyid, mji ukaingia mkononi mwake, na viongozi wa Mazrui wakapelekwa kifungoni Bandar Abbas. Hawakurudi.

Suratul-Hujurat imeelekeza wazi lifanywe nini makundi mawili ya waumini yanapopigana, nalo ni kusuluhishwa na waumini wenzao kwa uadilifu. Pande zote mbili katika habari hii zilikuwa na mashekhe waliokuwa wakiisoma sura hiyo.

Waingereza walifika hapa Arusha mwaka 1916, wakiwafukuza Wajerumani. Hata hivyo hatuwezi kumaliza bila kutaja jambo la karibu zaidi. Katika kijiji kimoja cha miteremko ya Meru upo msikiti mdogo, uliojengwa kwa michango ya wauza ndizi na mafundi. Kamati yake iligawanyika kuhusu hesabu za kiwanja. Kila upande uliandika barua ofisini kuushitaki mwingine, kila upande ukaomba ulinzi, na kila upande ukaahidi ushirikiano. Tulikwenda huko Ijumaa iliyopita pamoja na wanafunzi wetu. Mlango ulikuwa na kufuli. Ufunguo unatunzwa na afisa ambaye si Muislamu, mtu muungwana kwa kweli, aliyetueleza kwa upole kwamba atautoa siku pande zote mbili zitakapokwenda kwake pamoja. Tukaswali nje, juu ya majani, na yule kijana wa kidato cha pili akaadhini.