Picha za Kolo Zisitiwe Chumvi



Siku hizi simu ya kawaida tu inapiga picha kadhaa kwa mpigo na kuziunganisha kuwa moja, bila hata kumuuliza mwenye simu. Wenye kamera tunaiita kazi hiyo HDR. Unapiga picha ileile mara tatu au zaidi, moja ya giza, moja ya kati, moja ya mwanga mwingi, kisha kompyuta inachukua sehemu nzuri ya kila moja. Si uchawi wala si jambo jipya. Mfaransa Gustave Le Gray alikuwa akiunganisha negativu mbili, moja ya anga na moja ya bahari, tangu miaka ya 1850.

Sina ugomvi na mbinu hii. Ugomvi wangu ni jinsi tunavyoitumia kwenye michoro ya miambani ya Kolo, kule Kondoa. Naona picha nyingi ambazo wekundu wake unawaka kama nyanya na jabali linang'aa utadhani limepakwa mafuta. Aliyefika Kolo anajua hakuna kitu kama hicho. Hiyo ni picha iliyotiwa chumvi.

Tuanze na haki yake. Kolo HDR inahitajika kweli. Michoro iko chini ya majabali yaliyoinama, ukuta uko kivulini, na nyuma yako jua la uwanda wa kati linachoma. Ukipima mwanga wa ukutani, nje panakuwa peupe pe. Ukipima wa nje, ukuta unakuwa giza na michoro inapotea. Kamera haina uwezo wa jicho, kwa hiyo unaisaidia.

Mimi nafanya hivi. Kamera kwenye stendi, tundu la lenzi halibadilishwi, nabadilisha muda tu. Picha tatu zinazopishana stopu mbili mbili, maana yake kila moja inapata mwanga mara nne ya iliyotangulia. Natunza faili ghafi. Kando ya mchoro, bila kugusa ukuta, naweka kadi yenye rangi na vipimo vya sentimita. Kadi hiyo ndiyo shahidi wangu nikikaa kwenye kompyuta: nyekundu ya kadi ikibadilika, najua nimeshaanza kudanganya.

Kwenye kompyuta ndiko watu wanakopotelea. Programu inakupa vitufe vya kuburuta, kimoja cha kukoleza rangi, kingine cha kuchomoza kila mkwaruzo. Ukiburuta kidogo inapendeza, na mkono unataka kuendelea. Dalili za kuzidisha ni hizi:

Kwanza, ukingo wa jabali unazungukwa na mwanga mweupe kama taji, pale unapokutana na anga.

Pili, kivuli kinakuwa na mwanga kuliko juani. Hakuna duniani mahali penye kivuli cha namna hiyo.

Tatu, na kwa Kolo hii ndiyo mbaya zaidi, kila ufa na kila doa la chumvi ya mawe linachomoza kwa nguvu sawa na mchoro. Michoro ya karne za karibuni ni ya rangi nyeupe. Michirizi ya maji ukutani nayo ni myeupe. Ukivuta vitufe kupita kiasi, vyote viwili vinafanana, na anayetazama picha anaona mnyama mahali ambapo pana uchafu tu.

Mtu atasema, ni picha tu, tatizo liko wapi? Tatizo ni kwamba michoro hii inasomwa kwa mistari myembamba sana. Kwenye jabali la Kolo linaloitwa B1 kuna mchoro maarufu wa watu watano. Mary Leakey, aliyenakili michoro ya huko kwa mkono mwaka 1951, aliona ni mwanamke anatekwa. Wengine waliokuja baadaye wakaona ngoma ya watu waliopandwa na mizuka. Ugomvi wote huo ni wa nani kamshika nani, na kichwani pale ni nywele au kinyago. Mwaka 2021 jarida la Antiquity lilichapisha utafiti wa Maciej Grzelczyk kuhusu jabali la Amak'hee 4, ndani ya Pori la Akiba Swaga Swaga, lenye watu watatu wanaoonekana kuwa na vichwa vya nyati, na akavilinganisha na vya Kolo. Hoja ya namna hiyo inasimama juu ya mbonyeo mdogo kichwani. Ukiupoteza au ukiuongeza kwa kompyuta, umebadilisha historia.

Sasa kuna wenzetu watauliza: mbona watafiti wenyewe wanageuza rangi kabisa? Ni kweli. Wengi wanatumia DStretch, programu iliyotengenezwa na Jon Harman mwaka 2005, inayoweza kuutoa mchoro ambao jicho halioni tena. Lakini angalieni tofauti. Picha ya DStretch ina jabali la zambarau na anga la kijani. Haimdanganyi mtu, kwa sababu haijifichi. HDR iliyozidishwa inakuja na sura ya ukweli, inasema "hivi ndivyo nilivyoona", kumbe siyo.

Na sisi waandishi wa habari tuna la kujifunza zaidi. Picha ya Paul Hansen ya mazishi ya watoto Gaza ilishinda tuzo ya World Press Photo ya mwaka 2012. Mwaka 2013 ikazuka kelele kwamba imetengenezwa. Wataalamu wakaipima faili yake ghafi, wakasema picha ni halisi, kilichoguswa ni rangi na mwanga. Aliokolewa na faili ghafi. Lakini msiba wa watu wale ulikuwa umeshageuzwa kuwa mjadala wa kompyuta.

Wa utalii watasema rangi kali inaleta wageni. Barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati ilizinduliwa mwaka 2018 na inapita Kolo, kwa hiyo wageni na waje. Lakini mgeni aliyeahidiwa moto akakuta majivu atauliza "mbona imefifia?", na atatamani kumwagia maji ili rangi itokee. Sehemu nyingi duniani watu wamelowesha michoro hivyo, wakaiharibu. Uzuri wa kazi ya kompyuta ni kwamba inamwepusha mtu na maji. Tusiifanye iwe sababu ya kuyataka.

Kubwa kuliko yote ni hili. Michoro ya Kondoa iliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, na inafifia. Kitabu cha Mary Leakey cha mwaka 1983 jina lake lenyewe linasema ni sanaa inayotoweka. Jua, maji, vumbi na mikono ya watu havijapumzika. Picha tunazopiga leo ndizo watakazolinganisha nazo wajukuu zetu. Tukiwaachia wekundu wa kompyuta, hawatajua ni rangi kiasi gani iliyopotea kweli. Na hata leo, mwenye mamlaka ya kutenga fedha za kuhifadhi akiiona picha inayowaka atasema, "Mbona bado mizima?" Tutamjibu nini, na picha ni yetu?

Mimi naona tukubaliane: fungua kivuli mpaka mchoro usomeke, acha kivuli kibaki kivuli, usiguse kitufe cha kukoleza rangi. Ukitaka kuonyesha kisichoonekana, tumia DStretch na uandike chini ya picha kwamba rangi zimebadilishwa. Wekundu wa Kolo ni wa udongo mkavu. Unatosha.