BRASHI ZA ULAYA, JINA LA MIKUMI

Wiki iliyopita nilikula kona nikaenda Kilosa kwenye kicheni pati ya binamu yangu, na huko nilifanya jambo ambalo nikilikumbuka natamani ardhi ipasuke inimeze. Leo nalimwaga hapa hadharani, maana hadharani ndiko nilikolifanyia.

Ni hivi. Mpambaji alikodiwa kutoka Mikumi. Sista duu wa haja, mtaratibu, maneno machache. Alitandika kanga mezani, akapanga brashi kumi za kupakia poda, rangi ya macho na mdomo. Mipini myeusi, na kila mpini umeandikwa jina lake kwa dhahabu. Jina lake mwenyewe jamani, si la Mmarekani wala Mfaransa! Mabinti wakajazana kama kwenye bomba la maji siku ya mgawo.

"Zimetoka wapi hizi?" shangazi akauliza.

"Ulaya," akajibu bila hata kutabasamu.

Watu mbavu hawana! Kwa msiopajua kwetu, ukitoka Mikumi kuja Kilosa unapita Ulaya. Ni kata yetu ile, haina baridi wala haihitaji viza.

Hapo ndipo kimbelembele changu kilipoamka. Nikachukua brashi moja, nikaigeuzageuza, nikapayuka: "Mbona hizi ni zile zile za Kariakoo? Nimeziona Mtaa wa Kongo hazina jina, seti elfu kumi na mbili!" Yeye alikuwa anauza elfu ishirini. Ukumbi ukawa kimya. Mabinti wawili waliokwishatoa pesa wakazifunga tena kwenye pindo la kanga. Mie nikajiona mjanja wa mjini, niliyewaokoa watu na changa la macho. Ujanja wenyewe ulidumu kama dakika tatu.

Alipomaliza kumpamba bibi harusi mtarajiwa (na alipendeza, usiseme), aliniita nje chini ya mwembe. Hakunitukana. Bora angenitukana.

"Mdogo wangu, uongo hujasema," akaniambia. "Ila umesema nusu."

"Nusu ipi tena, dada?"

Akanikalisha chini. Kweli, kiwanda hana. Brashi zinatoka China, ambako kuna wilaya inaitwa Luyi, jimbo la Henan, inayojulikana kwa kazi hiyo. Kiwanda kimoja kinaweza kutengeneza brashi za majina mengi. Wewe unachagua nywele ziwe za nailoni au za mbuzi, mpini uwe mrefu au mfupi, kisha wanakuchapia jina lako. Tatizo ni idadi. Yeye aliambiwa seti 100, pungufu ya hapo hakuna biashara. Pesa alikopa kwenye kikoba cha akina mama wenzake, wale wanaouza mahindi na vitunguu kwa abiria wa mabasi ya Iringa na Mbeya. Deni bado analilipa.

Mzigo wa kwanza ulikuwa noma. Nywele zikanyonyoka, bibi harusi mmoja akabaki na unywele umeganda kwenye wanja mpaka picha zikapigwa. Wateja wakaanza kugonga mlango mmoja mmoja. Akarudisha pesa za seti 17. Mzigo wa pili hakulipa mpaka aletewe mfano, akauvuta, akauosha mara kumi, ndipo akakubali.

"Ile ya Mtaa wa Kongo ikinyonyoka utamrudishia nani?" akaniuliza. "Yangu ikinyonyoka, shuka stendi ya Mikumi uliza jina lililo kwenye mpini. Watakuleta mpaka mlangoni."

Mie kimya. Ile elfu nane niliyoiita changa la macho ndiyo bei ya kuwa na mtu wa kumlaumu.

Na wala hakuanza yeye. Jokate Mwegelo na Kidoti yake, mwaka 2014 si aliingia ubia na kampuni ya Kichina? Jirani zetu Kenya, Suzie Wokabi alitoa vipodozi vya SuzieBeauty mwaka 2011. Mabinti wanapenda kuona jina linalofanana na lao kwenye pochi. Sioni ubaya, ilimradi mwenye jina asijifiche siku mambo yakiharibika.

Lakini msije mkasema nimewatuma kununua kila kilichoandikwa dhahabu. Kabla hujatoa pesa, vuta nywele kidogo kwa vidole. Zikibaki mkononi, rudisha. Tikisa kile kichuma kinachoshika nywele, kisichezecheze. Ukiosha kwa sabuni, ilaze ikauke. Usiisimamishe mbichi, maji yatashuka kwenye gundi. Na kuazimana brashi za macho acheni kabisa. Mmesahau macho mekundu ya mwanzoni mwa 2024?

Na nyie mnaotaka kuchapa majina yenu, kuandikisha jina la biashara BRELA si sawa na kusajili alama ya biashara. Alama ndiyo inayolinda chapa yako, miaka 7 kwanza, halafu unaihuisha kila miaka 10. Dada yangu wa Mikumi jina ameshaandikisha, alama inasubiri deni la kikoba liishe.

Nilirudi ukumbini nikanunua seti moja, elfu ishirini taslimu, sikuomba hata punguzo. Nikamwambia shangazi nusu iliyobaki, naye akachukua yake. Lakini wale mabinti wawili nilipowatafuta walikuwa wameshaondoka. Kama mnasoma hapa, wadogo zangu, dada yupo Mikumi, na zile pesa zilizorudi kwenye pindo la kanga ni kosa langu mie, si lake.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane wiki ijayo panapo majaaliwa, na mdomo wangu nitakuwa nimeufunga kufuli.